Bi Mwatima na Friji Zilizokufa

Nianze kwa kukiri kosa langu, maana mke wangu hataniacha nisimulie habari hii nikijifanya mwema tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeleta mifuko kumi na miwili ya saruji nyumbani kwetu Jang'ombe, nikaipanga chini ya ukuta wa ua na kuifunika turubai. Nilitaka kutia sakafu ua mzima, kutoka mlango wa jikoni mpaka ukuta wa jirani, uwe mkavu, niegeshe Vespa yangu na wageni wapate pa kukaa. Mdogo wangu Hamda alikuwa ameshaposwa, harusi ilikuwa baada ya miezi mitatu, na mama yangu, Bi Muzna, alikuwa ameshatamka kwamba shughuli ya wanawake itafanyika kwetu, na kwamba yeye hakalishi watu wake kwenye matope.

Naijua tabia yangu. Jambo nikishalipanga sipendi kulipangua, na mtu akinipinga ndiyo kwanza nazidi. Hayo nimeyarithi kwa mama, na yeye anayo zaidi.

Ua wenyewe ulikuwa aibu, na hilo pia nakiri. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi. Friji isiyotengenezeka, mwenyewe huniachia. Nami huichambua vipuri, na mwili unabaki. Kwa miaka minane nilikuwa nimekusanya miili kumi na moja. Mingine ilisimama, mingine ililala chali, milango haina, panya wamo ndani. Majirani walipaita uani kwangu makaburini. Kati ya friji na friji palikuwa na mchanga, vifusi na magugu, na hapo ndipo mama mkwe wangu alipoamua kulima saladi.

Mama mkwe wangu ni Bi Mwatima Usi Pandu, mzaliwa wa Matemwe. Kilimo cha mwani kilipoingia kijijini kwao alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, na alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuingia baharini na vigingi na kamba. Hakutoka tena kwa miaka thelathini na zaidi. Kila bamvu, yaani zile siku za kila baada ya wiki mbili ambapo maji hukauka mbali na pwani yote hubaki wazi, alikuwa ameinama kwenye shamba lake. Alifunga mbegu kwenye kamba, alikata mwani uliokomaa, alibeba kipolo, yaani gunia lake dogo, kichwani mpaka mchangani. Kwa mwani huo alijenga nyumba ya mawe na kusomesha watoto watatu. Zuleikha, mke wangu, ni mwalimu wa skuli leo kwa sababu ya mwani. Mtu asije akadhani nilikuwa simjui mama huyu ni nani. Nilimjua vizuri sana, na bado nilileta saruji.

Magoti ndiyo yaliyomshinda. Siku moja maji yalipoanza kujaa hakuweza kuinuka pale alipoinama. Wenzake wawili walimkokota mpaka pwani, maji yakiwa yamefika kifuani. Zuleikha alipopata habari hata hakuniuliza. Alikwenda Matemwe asubuhi, akarudi adhuhuri na mamake na mkoba mmoja mkubwa wa ukili wenye nguo.

Ule mkoba ulikaa nyuma ya mlango wa chumba tulichompa. Alitoa nguo, akavaa, akafua, akaikunja na kuirudisha mkobani. Kabati lilikuwa tupu, na Zuleikha alimwambia mara tatu au nne, "Mama, kabati hilo lako." Alijibu, "Haya, mwanangu," na mkoba ukabaki pale pale. Mtu mwenye nia ya kukaa hafanyi hivyo. Sote tulilijua hilo, hapana aliyelisema.

Tulimwambia apumzike. Tulimwekea kiti cha plastiki barazani, tukamletea chai, tukajiona watoto wema. Naona haya nikikumbuka. Mwanamke aliyefanya kazi tangu alfajiri umri wake wote, tumemkalisha aangalie watu wanavyopita njiani kwenda dukani. Wiki ya pili akaanza kukonda. Wiki ya tatu akaanza kuamka na kukaa kitandani tu, miguu chini, mikono mapajani, mpaka aitwe.

Halafu akakuta mbegu. Binamu yangu Talal, anayeishi Maskati, alikuwa ametuletea halua, ubani, na pakiti tatu za mbegu: saladi, figili na jirjiri. Asiyeijua jirjiri, ni majani madogo marefu yenye ukali wa kupanda puani. Kwetu sisi wenye asili ya Arabuni huliwa mabichi pamoja na wali na samaki. Mama yangu huitaja jirjiri ya nyumbani kwa babake kila anapotaka kukidharau chakula cha mtu. Mimi zile pakiti nilizitupa kwenye droo ya jikoni na betri zilizokwisha. Bi Mwatima alikuwa anatafuta kiberiti, akazikuta.

Hapa lazima nieleze jinsi mimi na mama mkwe wangu tunavyozungumza. Hatuzungumzi. Si kwa ugomvi, ni kwa heshima. Asubuhi nasema "Shikamoo, mama," yeye anasema "Marahaba, mwanangu," basi, tumemaliza mpaka kesho. Sili mbele yake. Nikiwa na neno nampa Zuleikha apeleke, naye akiwa na neno anampa Zuleikha alete. Mke wangu ndiye posta, na siku ile posta ilifanya kazi kweli kweli.

"Mama anasema uani usitie saruji," Zuleikha alinambia.

"Mwambie Fundi Abdulwahid wa sakafu anakuja Jumamosi."

Akaenda chumbani, akarudi. "Anasema umpe mabamvu manne."

"Mabamvu manne ndiyo siku ngapi kwa sisi watu wa mjini?"

"Miezi miwili. Anasema katika miezi miwili mama yako atakula saladi au jirjiri iliyotoka humu humu uani. Akiisifu, ua ni wa mama yangu. Asipoisifu, umwage zege lako, na yeye anarudi Matemwe."

"Matemwe akafanye nini?"

"Akafanye anachokijua." Akakaa kitako. "Mansour, unamjua mama. Akirudi ataingia majini. Ataingia na magoti yale yale, na mara hii labda hatakuwepo wa kumkokota."

Nilikasirika, kwa sababu nilijiona nimetegwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikasema nimekubali. Mama yangu hajasifu chakula cha mtu tangu nimfahamu, hata biriani ya harusi yangu mimi alisema tu, "Kimeiva." Kwa hiyo nilijua nimeshinda kabla hatujaanza. Kisha nikauona uso wa Zuleikha, nikajua pia kwamba nikishinda nitakuwa nimempeleka mamake baharini. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mimi, kama nilivyosema, sipendi kupangua.

Bi Mwatima alichagua friji nne zilizolala chali. Akazitoboa chini kwa msumari na jiwe, maji yapate pa kutokea. Akazijaza mchanga wa uani, samadi ya mbuzi wa jirani, na kitu chake mwenyewe: vipolo viwili vya mwani uliokataliwa na wanunuzi, ambao wenzake wa Matemwe walimletea. Mwani ukioza hurutubisha, wanawake wa pwani wanalijua hilo, minazi yao inashuhudia. Mbegu za saladi hazipendi joto, zikioteshwa juani hulala tu. Yeye alizifunga katika kitambaa kilichorowa na kukibana ubavuni mwa mtungi wa maji, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani. Siku ya tatu zilikuwa zimechipua.

Kupanda kwake kulinichekesha. Alichomeka vigingi viwili, kimoja huku na kimoja kule, akavuta kamba katikati, akapanda chini ya kamba, shibiri moja mche hadi mche. Alikuwa analima mwani, ila bila bahari. Nilisimama dirishani na chai yangu nikamwambia Zuleikha, "Mwambie mama asisahau kungoja maji yakauke." Zuleikha hakuupeleka ujumbe ule. Aliniangalia tu, nikaondoka dirishani.

Siku ya nne tangu kupanda, friji zote nne zilikuwa kijani. Siku ya saba kingo za majani zikaanza kuwa kahawia. Siku ya kumi hapakuwa na jani lililo hai. Bi Mwatima akaenda akasimama kando ya friji moja, akachukua udongo kwa vidole viwili, akautia ulimini.

"Chumvi," alisema.

Mwani ule aliutia vile vile ulivyotoka baharini, haukuoshwa hata kidogo. Mkulima wa mashambani, wa Dole au Kizimbani, asingefanya kosa lile hata usingizini. Yeye alilifanya, na alipolijua akacheka, akakaa juu ya tofali, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Zuleikha aliniletea maneno yake baadaye: "Miaka thelathini chumvi ndiyo iliyonilisha. Haikunipitikia kabisa kama inaua."

Mimi, Mungu anisamehe, nilimpigia simu Fundi Abdulwahid nikamwambia ajiweke tayari.

Bamvu la kwanza lilikuwa limekwenda bure. Yakabaki matatu, na mvua za vuli zikaanza. Bi Mwatima akaomba mwani mwingine. Safari hii alivitundika vipolo chini ya mfereji wa bati, mvua ikivipiga mchana kutwa, na kila jioni alikinga kwa kiganja maji yanayochuruzika na kuyaonja. Siku ya kwanza alitema, na siku ya tano alitema tena. Siku ya tisa aliyameza, akaitikia kwa kichwa, akavishusha. Udongo wa zamani aliumwaga wote, friji akaziosha kama sufuria, akaanza upya, akazitundikia chandarua kuukuu juu yake kupunguza jua.

Sasa nije kwenye kitu kilichonibadilisha, nacho ni cha kifundi, si cha huruma. Siku moja nilirudi nyumbani saa saba mchana kuchukua geji yangu ya kupimia gesi. Jua lilikuwa kali, mabati yanalia. Nilipita karibu na friji moja nikatia mkono kwenye udongo, sijui kwa nini. Ulikuwa baridi. Nikatia mkono kwenye udongo wa chini, pembeni ya friji. Ulikuwa moto wa kuchoma. Nikasimama pale kama mjinga. Kuta za friji zina povu ndani yake la kuzuia joto lisipite; nimesomea jambo hilo, nimefanyia mtihani, nalo ndilo linalonilisha. Na yule mama, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la sita, alizipa zile friji kazi yao ya asili, kuweka mboga baridi, wakati mimi nilikuwa ninangoja kuzifukia kwa zege.

Furaha niliyoisikia ilikuwa ya fundi aliyeona kazi nzuri ya fundi mwenzake. Jioni ile, Bi Mwatima alipokuwa anasali, niliiburura friji kubwa kuliko zote iliyokuwa imesimama pembeni, nikailaza karibu na zake, nikaitoboa mwenyewe kwa dreli, safi, matundu sita yamepangana.

Asubuhi nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Kisha, bila kuniangalia, akaongeza, "Ahsante kwa friji."

Yalikuwa maneno matatu zaidi ya kawaida yetu, na nilikwenda nayo kazini nikiendesha Vespa ninaimba.

Katika ile friji kubwa alipanda jirjiri. Sijui ni kwa ukubwa wake au kwa mwani uliooshwa, jirjiri ile iliota kwa fujo. Saladi nazo zikajaa, majani laini yamekunjana. Wauza mboga wa sokoni huing'oa saladi nzima na mzizi wake, na hapo imekwisha. Bi Mwatima hakung'oa hata moja. Alikata majani ya nje tu kwa kisu kidogo na kuuacha moyo, kwa sababu kwenye mwani siku zote unabakisha mbegu kwenye kamba ili bamvu lijalo ukute kitu. Kila wiki alikata, na kila wiki yaliota tena. Majirani waliocheka makaburini wakaanza kugonga mlango wakiwa na sahani.

Hao walisifu, lakini sifa zao hazikuwa kwenye mapatano. Bamvu la nne lilipofika, tulimwalika mama yangu chakula cha Ijumaa.

Bi Muzna alikuja kutoka Mkunazini amevaa buibui lake jipya, akinukia udi mpaka mlango wa pili. Anaishi ghorofani na Hamda tu tangu baba afariki, na Hamda akiolewa atabaki na redio. Alisalimiana na Bi Mwatima vizuri, wakaulizana hali na watoto wote kwa majina. Kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya kusikika, "Fundi wa sakafu anaanza lini?"

"Tule kwanza, mama," nilisema.

Wao watatu walikaa mkekani na sinia la wali na samaki wa kupaka. Mimi nilikaa chumba cha pili na sahani yangu, mlango wazi, wala sikula. Zuleikha alikuwa ametaka kuyakatakata majani na kuyafanya kachumbari, mamake akakataa. Jirjiri ilikuja nzima na vikonyo vyake, imelazwa pembeni ya sinia, bado ina maji.

Mama aliokota jani moja, akalinusa, akalitafuna. Akaokota jingine. Kisha akajaza majani mkononi, akala kwa wali, akala kwa samaki, akala hivi hivi. Zuleikha alikuwa amekamata pindo la mkeka.

"Hii imekatwa saa ngapi?" mama aliuliza.

"Alfajiri, jua halijatoka," Bi Mwatima alijibu.

"Na nani kakufunza kuileta nzima?"

"Hajanifunza mtu, Bi Muzna. Jani dogo namna ile, kulikatakata ni kulionea."

Mama akaendelea kula mpaka pembeni ya sinia pakabaki peupe. Hata hivyo hakusifu. Aliosha mikono, akasimama, akasema, "Nionyesheni."

Tukatoka uani wote. Mama akapita katikati ya friji akiinua buibui lake, akigusa jani hapa na pale kwa ncha ya kidole. Alipofika kwenye ile friji kubwa akasimama. Ubavuni mwake palikuwa na ua la karatasi ya kubandika, limepauka, nami nikalitambua kabla hajafungua mdomo. Hamda alilibandika ua lile alipokuwa na miaka mitano.

"Friji yangu hii," mama alisema. "Mansour, friji yangu hii. Marehemu babako alininunulia nilipomzaa Hamda. Miaka mitatu unanambia unaitengeneza."

Ilikuwa kweli. Miaka mitatu nilimwambia, "Kesho, mama," na kompresa yake niliitoa wiki ya kwanza. Halafu siku ile nilipotaka kumfurahisha mama mkwe, nikaiburura bila hata kukumbuka ni ya nani.

"Mmeitia udongo," mama alisema. Akaligusa lile ua la karatasi kwa kidole. "Mmeitia udongo kama maiti."

Zuleikha hakuwa na ujumbe wa kupeleka kwa mtu. Niliiona ile saruji chini ya turubai, nikaukumbuka mkoba nyuma ya mlango, nikajua kila kitu kimeharibika na mimi ndiye niliyekiharibu.

Bi Mwatima ndiye aliyesema.

"Hajaizika mtu, Bi Muzna. Ilikuwa imesimama pale ukutani, panya wamo ndani, kila mtu anaipita. Na mie nlikuwa hivyo hivyo, nimekaa barazani, wananambia nipumzike. Nkaona tusaidiane. Mie nkaipa kazi, na yeye kanipa kazi." Akakata jani la jirjiri akamnyooshea. "Bado inaweka mboga baridi. Tia mkono wako, uone."

Mama hakulipokea jani mara moja. Kwanza alivua bangili, akamkabidhi Zuleikha, akatia mkono kwenye udongo mpaka kifundoni. Akakaa nao pale kwa muda, ameinama juu ya friji yake. Aliponyanyuka akalipokea lile jani, akalitafuna. Macho yalikuwa mekundu, na kidevu kimesimama wima kama kawaida yake.

"Tangu kufa baba yangu," alisema, "sijala jirjiri kama hii. Wallahi, hata yake haikuwa nzuri hivi." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, saruji hiyo ondosha. Unataka kumwagia zege kitu kama hiki, una akili wewe?"

Nilitaka kumkumbusha zege lilikuwa ni fikra ya nani. Zuleikha alinikanyaga mguu.

Fundi Abdulwahid alikuja Jumamosi kama alivyoitwa, na saruji haikuondoshwa, ilitumika. Tulifyatua matofali, tukajenga nguzo fupi nne nne, tukaziinua friji zote kumi na moja juu yake, moja baada ya moja, mpaka zikamfika Bi Mwatima kiunoni. Hilo nililifikiria mwenyewe, na sitaki mtu aninyang'anye. Asubuhi ya mwanzo baada ya kazi kwisha nilimwona kutoka dirishani anakata saladi. Mwanamke aliyeinama miaka thelathini alikuwa amesimama wima, kisu mkononi, anaimba kwa sauti ya chini. Mara hii sikuwa na utani wowote wa kusema.

Shughuli ya wanawake mama aliihamishia nyumbani kwake Mkunazini, akasema uani kwetu watu watayakanyaga mazao. Masinia yalikuwa ishirini na mawili, na akaamuru kila sinia liwe na majani ya Bi Mwatima. Siku ya harusi tuliamka sote alfajiri, tukakata mpaka vidole vikawa kijani. Ndoo zikajaa, mabeseni yakajaa, na jirjiri ya friji kubwa ikawa bado haina pa kutiwa. Bi Mwatima akaingia ndani, akatoka na mkoba wa ukili, akaupanga majani mpaka juu na kuufunika kitambaa kilichorowa. Mimi nilikuwa nina haraka ya gari, nikaupakia na vingine.

Kwa yaliyotokea kule ghorofani nategemea posta yangu, maana wanaume hatukuwemo. Zuleikha anasema masinia yalipotua, mazungumzo yalikatika. Shangazi mmoja aliyekuja kutoka Maskati aliuliza majani haya yameletwa kwa ndege gani. Mwingine akauliza yametoka hoteli ipi. Mama yangu akasimama katikati ya ukumbi na vito vyake vyote, akamshika Bi Mwatima mkono, akamnyanyua, akatangaza, "Yametoka Jang'ombe. Huyu ndiye mkulima wake, na friji ni yangu!" Vigelegele vilipigwa mpaka sisi tuliokuwa chini mtaani tukadhani bibi harusi ameshatoka. Kabla alasiri haijaingia, wanawake saba walikuwa wameshaniwekea oda ya friji zilizokufa.

Tulirudi Jang'ombe jua likianza kupoa, tumechoka, tunacheka. Bi Mwatima alipita moja kwa moja uani kumwagilia, mkoba mtupu begani. Zuleikha akaingia chumbani kwa mamake kumtandikia, akakawia kutoka. Nikasogea mlangoni. Juu ya kitanda nguo zote za Bi Mwatima zilikuwa zimemwagwa, kanga, madira, buibui la Idi, vile vile alivyozikung'uta alfajiri alipouhitaji mkoba.

Zuleikha alikwenda dirishani. "Mama," aliita, na sauti yake ilikuwa ndogo, "nguo zako nizirudishe wapi?"

Bi Mwatima alikuwa amekwishauning'iniza ule mkoba kwenye msumari wa ukuta wa ua, pale panapokaa kisu na kamba zake. Hakugeuka, alikuwa anaipa maji jirjiri.

"Mkoba una kazi, mwanangu," alisema. "Tia kabatini."